Kigugumizi cha Kuambiwa

Jioni hii tuzungumze habari ya mtu kujijua yeye ni nani, na sehemu gani ya kujijua huko huletewa na watu wengine. Mada kama hii ukiiachia hukimbilia maneno mazito ya vyuoni, ikamwacha msikilizaji jikoni na redio yake. Basi mimi nitaingia kwa mlango mdogo. Nitasema juu ya kigugumizi.

Mwezi Januari 1939, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwanafunzi wa shahada ya uzamili aitwaye Mary Tudor alianza kutembelea kituo cha kulelea watoto yatima. Aliyemtuma ni mwalimu wake, Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa. Johnson mwenyewe alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alitoka kwao Kansas akaenda Iowa kutafuta dawa. Dawa hakuipata, akaishia kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa jambo hilo nchini mwake. Na alikuwa na fikra yake. Watoto wote wadogo, alisema, hukwamakwama wanapojifunza kusema. Mzazi mwenye wasiwasi akisikia kule kukwama, akaipa hali hiyo jina la ugonjwa, mtoto huanza kuuogopa mdomo wake mwenyewe, na hofu hiyo ndiyo inayozaa kigugumizi. Yaani mtu huwa na kigugumizi kwa kuambiwa anacho.

Fikra ikatakiwa ipimwe, na wa kupimiwa wakawa watoto wasio na mtu. Walichaguliwa 22. Kumi walijulikana pale kituoni kuwa na kigugumizi, 12 walikuwa wakisema kama watoto wengine. Kila kundi likagawanywa nusu kwa nusu: hawa waambiwe usemi wao ni mzuri, wale waambiwe ni mbaya. Tuwaache wote hao tuwafuate sita tu, wale ambao hawakuwa na tatizo lolote na wakaambiwa wanalo.

Kuambiwa kwenyewe hakukuwa kwa matusi, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu mzima mwenye sauti ya huruma anakaa na mtoto, anamweleza kwamba walezi wamegundua usemi wake una kasoro nyingi, kwamba hizo ni dalili za kuanza kigugumizi, kwamba ajitahidi sana kujizuia, na asiseme kitu mpaka awe na hakika atakisema sawasawa. Kisha walezi na walimu wa kituo wakaagizwa wawe macho, wamkosoe kila anapokwama. Hawa walezi hawakujua kuwa ni uongo. Wakafanya kazi yao kwa moyo safi, asubuhi, mchana na jioni.

Ilipofika Mei, watoto wale walikuwa wamebadilika. Msichana mmoja wa miaka mitano, ambaye mwanzoni alikuwa akizungumza bila shida, ikawa kazi kubwa kumtoa neno. Wengine walikataa kusoma kwa sauti darasani. Majibu yakawa ya neno moja moja. Wakawa na haya, wanainamisha kichwa, wanaziba uso kwa mkono. Walipoulizwa sababu, jibu lilikuwa woga: neno linalofuata huenda likakwama.

Utafiti ule haukuchapishwa; ulibaki tasnifu kwenye rafu za maktaba ya chuo. Mwaka 2001 mwandishi mmoja wa gazeti la San Jose Mercury News aliufukua, na wale yatima waliokuwa bado hai wakajua ukweli wakiwa wazee. Zaidi ya miaka 60 walikuwa wakiamini waliyoambiwa. Chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kwa sita kati yao na warithi wao. Jengo la chuo linaloshughulikia usemi na usikivu lilikuwa limeshapewa jina la Johnson.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki huliruka. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Nicoline Ambrose na Ehud Yairi, walizipitia upya takwimu za Tudor. Walikuta kwamba hata mtoto mmoja kati ya wale sita hakupata kigugumizi cha kweli. Fikra ya Johnson ilianguka. Leo inajulikana kwamba kigugumizi kina mizizi katika ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Tangu mwaka 2010 watafiti wamekuwa wakitaja jeni zinazohusika. Mama hakukisababisha kwa wasiwasi wake. Wala hakikuja kwa sababu mtoto alimwigiza jirani mwenye kigugumizi, kama wengi wetu tulivyotishwa utotoni.

Kuna watu wanaosoma matokeo hayo wakasema: basi maneno hayana nguvu. Mimi nasoma kinyume. Wale watoto hawakupata kigugumizi, lakini walipata mengine yote yanayoandamana nacho: haya, kunyamaza, kujikagua kila neno kabla halijatoka, kukimbia watu. Walipewa nafsi ya mtu mwenye kigugumizi bila kigugumizi chenyewe. Maneno hayakuugusa ulimi wao. Yaligusa wanavyojijua, na ulimi ukafuata amri.

Wanasayansi wa jamii wana kauli ya zamani kuhusu jambo hili. Charles Horton Cooley wa Michigan aliandika mwaka 1902 kwamba wenzetu ni kioo chetu: tunafikiria wanavyotuona, tunafikiria wanavyotuhukumu, kisha tunaona fahari au aibu. Zingatia neno "tunafikiria". Hakusema tunaona sura yetu halisi machoni mwa jirani. Alisema tunajipigia hesabu jirani anatuonaje, na mara nyingi hesabu hiyo tunaikosea. Wanaosimulia maisha yake wanasema Cooley alikuwa mtoto mgonjwagonjwa, mwenye haya na shida ya usemi, na baba yake alikuwa jaji wa mahakama kuu ya jimbo. Siwezi kuthibitisha kwamba nadharia ilitoka huko. Lakini mtoto anayekwama kusema mbele ya baba ambaye kazi yake ni kutoa hukumu, sidhani kama alihitaji vitabu vingi kuigundua.

Mtu ataniuliza: mbona kuna watu wametukanwa maisha yao yote na bado wamesimama imara? Ni kweli, na jibu nadhani liko palepale Davenport. Mtoto wa kawaida ana sauti nyingi kichwani mwake. Mwalimu akimwita mzito, nyumbani kuna bibi anayemwagiza dukani na kumtegemea kwa hesabu za chenji. Mjomba akimdharau, kuna shangazi. Kauli moja inapingwa na nyingine, na mtoto anabaki na nafasi ya kuchagua. Yatima wa kituo kile walikuwa na sauti moja tu: walezi, walimu na mgeni kutoka chuo kikuu, wote wakisema neno lilelile. Hapakuwa na mama wa kusema, huyu mwanangu mbona anaongea vizuri tu. Ndiyo maana mpango ule ulifanikiwa kuwanyamazisha, na ndiyo maana ulikuwa ukatili.

Kuna jambo la pili. Jina baya la namna hii lina ujanja wake, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kukunyamazisha. Mtoto aliyeambiwa anasema vibaya huacha kusema, na akishaacha kusema hakuna tena wa kumsikia akisema vizuri. Shahidi pekee wa kumtetea angekuwa mdomo wake, nao umefungwa. Siku zinapita, watu wanazoea kwamba huyu ni mkimya, wanaacha kumuuliza. Yeye naye anaona hawamuulizi, anapata uhakika kwamba walisema kweli.

Muulize mtu mzima mwenye kigugumizi atakueleza hesabu anazopiga kutwa. Daladala inakaribia kituo chake, anatakiwa apaze sauti aseme "shusha", na ile "sh" haitoki; anashuka kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu. Kwenye mgahawa anataka kitu kimoja, anaagiza kingine chenye jina jepesi kutamka. Maneno anaweza kuyabadilisha, na wengi wao wana msamiati mpana ajabu kwa sababu ya kutafuta njia za mchepuko. Lakini liko neno moja ambalo halina mbadala, nalo ni jina lake. Wengi wanasema hapo ndipo wanapokwama kuliko popote. Unaulizwa jina ofisini, kuna foleni nyuma yako, karani kashika kalamu, na jina halitoki. Karani anacheka: "Umesahau jina lako?" Wapo waliokwisha kujitambulisha kwa majina yasiyo yao ili foleni iende.

Na mtu huyohuyo mpeleke kwaya, ataimba bila kukwama. Mweke madrasa asome pamoja na wenzake kwa sauti moja, hutamtambua. Mwache aongee na mtoto mchanga, au na mbuzi wake, maneno yanatiririka. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha matokeo ya watu wazima 24 wenye kigugumizi. Walipowasikiliza wakijisemea peke yao, wakiamini hakuna anayesikia, kigugumizi kilikuwa karibu kutoweka kabisa. Hii haina maana kwamba kigugumizi ni cha kujitakia. Ubongo una sehemu yake, nimeshasema. Maana yake ni kwamba msikilizaji naye ni sehemu ya usemi. Kuwepo kwake kunabadilisha kinachotoka.

Redio ni kazi ya kikatili kwa watu hawa, na sisi tunaokula kwa midomo yetu hatuna budi kuwa wapole. Mwaka huohuo wa 1939, Septemba 3, Mfalme George wa Sita wa Uingereza, ambaye wazee wetu waliiona sura yake kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, alilihutubia dola lake kupitia redio juu ya kuingia vitani. Alikuwa na kigugumizi, na chumbani alikuwepo Lionel Logue, yule Mwaustralia aliyekuwa akimfundisha tangu mwaka 1926. Filamu imetengenezwa juu yao, sitairudia hapa.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa Nabii Musa. Alipoagizwa aende kwa Firauni, moja ya mambo ya kwanza aliyoyataja ni ulimi wake. Katika Kurani anaomba afunguliwe fundo la ulimi ili watu wafahamu anayosema, na dua hiyo watoto wa madrasa wanaisoma kabla ya masomo. Katika Biblia anajieleza kuwa yeye si msemaji. Kabla hajakutana na Firauni ameshajihukumu. Na katika vitabu vyote viwili anapewa nduguye Haruni wa kufuatana naye. Musa alikwenda, na alikwenda akiwa na mtu aliyemzoea.

Sasa tutoke kwenye kigugumizi, maana nilisema huu ni mlango tu.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, shule yake ya utotoni huko Limuru baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952. Mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kikuyu alichapwa viboko, au alivishwa shingoni bamba la chuma lenye maandishi ya kumtangaza kuwa mjinga au punda. Na waliomkamata walikuwa watoto wenzake, kwa kupokezana kifungo cha nguo kutoka kwa mkosaji mmoja hadi mwingine. Angalieni mpango ulivyo uleule wa Davenport. Hakuna aliyesema Kikuyu ni lugha mbaya na kuishia hapo. Mtoto aliambiwa yeye mwenyewe ni nini, maandishi yakawekwa mwilini mwake, na jamii yote ya watoto ikapewa kazi ya kukumbusha.

Bamba la chuma limekwisha katika shule nyingi, ingawa vibao vya mbao nimeviona kwa macho yangu na wengi mnaonisikiliza mmevivaa. Lakini hata bila kibao tazama kidato cha kwanza katika shule zetu za serikali Tanzania. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Alikuwa anabisha darasani, anauliza mpaka mwalimu anachoka. Januari anaingia sekondari, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, na kile kidomodomo kinazimika. Akijaribu kujibu, darasa linacheka sarufi yake. Baada ya muhula mmoja hasemi tena "sijui Kiingereza". Anasema "mimi masomo siyawezi". Hizo ni kauli mbili tofauti kabisa, na hakuna mtihani uliompima na kumwonyesha hiyo ya pili. Ameipata kwenye vicheko. Walimu mnaonisikia, hili mnalijua kuliko mimi, na najua silabasi hamkuiandika ninyi. Lakini kicheko cha darasa kiko mikononi mwenu.

Basi wengi wetu tukisikia habari kama hizi tunakimbilia dawa moja: tuwasifu watoto. Mwambie ni hodari, mwambie ana akili, mpigie makofi. Sina ugomvi na sifa, ila sidhani kama zinatibu. Mary Tudor mwenyewe, moyo ukimsuta, alirudi Davenport mara kadhaa baada ya utafiti kwisha. Aliwaambia wale watoto kwamba usemi wao ni mzuri, kwamba hawana kigugumizi. Mwaka 1940 alimwandikia Johnson barua akikiri kwamba wameacha alama kwa watoto wale, japo alitumaini wangepona kwa muda. Alama ile haikufutika kwa sifa. Mtoto aliyeambiwa na mtu mzima mmoja kwamba ni mbovu, akaja kuambiwa na huyohuyo kwamba ni mzuri, anajifunza jambo moja tu, kwamba hukumu yake iko mkononi mwa watu wazima.

Kinachotibu, kwa maoni yangu, ni kitu kisicho na makeke: kumwacha mtu amalize. Anapokwama usimmalizie neno, hata kama unalijua. Ukimmalizia umempa ujumbe kwamba ulimi wako unatosha na wake hauhitajiki. Usimwambie "tulia, vuta pumzi". Hilo ni karipio lililovaa nguo ya upole, ni Davenport ileile. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu yeyote, mjibu alichosema na usiguse alivyokisema. Akimaliza sentensi yake mwenyewe mara mia mbele ya watu wasiomkimbiza, atakuwa na ushahidi mia ambao haukutoka kwa mtu mwingine. Ndivyo na yule wa kidato cha kwanza: aanze jibu kwa Kiingereza, likwame, alimalizie kwa Kiswahili, na mwalimu alichukue lile jibu kama jibu.

Wazazi wenye watoto wa miaka miwili hadi mitano, nawaongezea hili kwa sababu simu zenu nazijua. Kukwamakwama katika umri huo ni jambo la kawaida. Kiasi cha watoto watano katika kila 100 hupita kwenye kipindi cha kigugumizi, na wengi wao kinawaacha. Kwa watu wazima hubaki kama mmoja katika 100. Kikiendelea miezi mingi, au mtoto akianza kukwepa kusema, mtafute mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache katika nchi zetu, lakini wapo. Makerere, Kampala, wanasomesha kazi hiyo hadi shahada. Wakati unamtafuta, usimbandike mtoto jina, na usiruhusu nduguze wamwite kwa kigugumizi chake, hata kwa utani wa mapenzi. Utani wa nyumbani ndio unaofika shuleni kabla yake.

Na ombi langu la mwisho ni dogo, halina gharama. Kwa watu hawa simu ni mtihani mkubwa, kwa sababu upande wa pili hauoni uso wao unavyojitahidi. Unasikia kimya tu, unadhani mtandao umekatika, unakata. Wakati mwingine ukipokea simu ukasema haloo na hakuna anayejibu, usikate mara moja. Subiri kidogo. Huenda kuna mtu anajaribu kukutajia jina lake.